Je, halmashauri inaweza kunitoa kwenye fleti kabla mwaka haujaisha?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu. Nilikaa hosteli hapa Birmingham kwa miaka, na tarehe 3 Novemba 2025 halmashauri ikanipa fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili. Mkataba umeandikwa "introductory tenancy". Jirani Mkenya ananiambia huo ni mkataba wa majaribio, mwaka mzima wananitazama, na wakinichoka wananitoa bila sababu. Taarifa ya kodi imekuja tayari ina deni. Bibi wa chini ameshalalamika watoto wanakimbia. Chumba cha watoto kina ukungu ukutani, lakini naogopa kulalamika nisije nikaonekana msumbufu. Tena Julai nataka kwenda Mombasa wiki sita kwa arusi ya mdogo wangu, nimwache binti wa dada yangu kwenye nyumba. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, jirani yako amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu zaidi. Uko kwenye mwaka wa majaribio kweli, na katika mwaka huu halmashauri ina njia fupi ya kukutoa kuliko itakayokuwa nayo baadaye. Lakini hakuna afisa anayeweza kuja na vijana wake akabadilisha kitasa na kukutolea vyombo nje. Hata mpangaji wa majaribio hatoki bila amri ya mahakama. Na kabla ya mahakama kuna hatua moja ambayo wengi huipita bila kujua kwamba kesi yao ilikuwa pale.

Ulinzi mkubwa wa wapangaji wa halmashauri ulikuja na sheria ya mwaka 1980. Mwenye mkataba wa kudumu hatolewi mpaka halmashauri ithibitishe mbele ya hakimu mojawapo ya sababu zilizoorodheshwa kwenye sheria, na mara nyingi hakimu hujiuliza pia kama ni haki kumtoa. Miaka ya tisini halmashauri zikawa zinalalamika kwamba mpangaji mmoja mkorofi anaweza kuwatesa majirani miaka, maana majirani wenyewe wanaogopa kusimama kizimbani kutoa ushahidi. Sheria ya Nyumba ya 1996 ikazipa halmashauri ruhusa ya kuanza na mwaka mmoja usio na ulinzi huo kamili. Si kila halmashauri inatumia njia hii. Ile inayotumia humpa kila mpangaji mpya mkataba kama wako, isipokuwa aliyehamia moja kwa moja kutoka kwenye mkataba wa kudumu wa halmashauri nyingine au shirika la nyumba. Kwa hiyo usidhani umepangiwa majaribio kwa sababu ya mtandio wako au hosteli uliyotoka. Miaka ya hosteli, kwa bahati mbaya, haihesabiki. Saa yako ilianza kuhesabu tarehe 3 Novemba.

Kuna vitu ambavyo mkataba huu haukupi. Huwezi kuomba kuinunua fleti sasa (ingawa mwaka huu utahesabiwa siku ukifika wakati wa kuomba), huna haki ya kubadilishana nyumba na mpangaji mwingine, na huna haki ya kuweka mpangaji wa chumba. Haki ya kutengenezewa nyumba unayo tangu siku ya kwanza, nitaifikia.

Sasa tofauti yenyewe. Ukiwa na mkataba wa kudumu na deni la kodi, hakimu anaweza kusema: baki, ila lipa kodi ya kila wiki na kiasi fulani juu yake mpaka deni liishe. Ukiwa kwenye majaribio, hakimu huyo huyo hana uwezo huo. Kazi yake kubwa ni kukagua kama halmashauri imefuata utaratibu wa notisi. Kama imeufuata, sheria inamwambia atoe amri. Anachoweza ni kukupa siku 14 za kuondoka, na kwa dhiki isiyo ya kawaida wiki sita, haizidi hapo. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011, katika hukumu iliyohusu wapangaji wa Leeds na Birmingham wenye mikataba kama wako, ilisema mpangaji anaweza kumwomba hakimu apime kama kumtoa kunalingana na haki ya binadamu ya kuheshimiwa makazi yake. Mlango upo, lakini ni mwembamba, na wanaoupita ni wachache. Usiupangie maisha.

Ndiyo maana nasema kesi haiko mahakamani. Halmashauri ikiamua kukutoa, lazima kwanza ikuletee notisi ya maandishi. Notisi hiyo lazima iseme sababu, kwa hiyo lile neno la jirani kwamba unatolewa "bila sababu" si sahihi. Sababu lazima iandikwe, tofauti ni kwamba hawalazimiki kuithibitisha kwa hakimu. Lazima itaje tarehe ambayo kabla yake hawawezi kufungua kesi. Na lazima ikuambie una haki ya kuomba uamuzi ule upitiwe upya ndani ya halmashauri yenyewe.

Muda wa kuomba mapitio hayo ni siku 14, na siku notisi ilipokufikia ndiyo siku ya kwanza. Ikitumbukizwa mlangoni Jumatatu, mwisho wako ni Jumapili ya wiki ya pili, si Jumatatu inayofuata. Watu wamekosa kwa siku hiyo moja. Omba kwa maandishi, kwa barua pepe ili tarehe ionekane, na katika barua hiyo hiyo sema unataka kusikilizwa ana kwa ana. Usiposema ndani ya siku hizo 14, wana haki ya kuamua kwa karatasi tu. Ukisema, lazima wakupangie kikao, wakujulishe siku zisizopungua tano kabla, na una haki ya kwenda na mtu wa kukusemea, kuleta mashahidi na kuwauliza maswali mashahidi wao. Omba mkalimani kama Kiingereza cha maofisi kinakupa taabu. Anayesikiliza hawezi kuwa yule aliyeamua kukutoa; akiwa afisa wa halmashauri, lazima awe na cheo kikubwa kuliko mwenzake huyo.

Pale ndipo hoja zako zina uzito. Afisa wa mapitio anaweza kusema deni limeshapangiwa malipo, au malalamiko yamekoma, tumwache. Hakimu mwezi mmoja baadaye hana tena nafasi hiyo. Katika kazi hii nimeona wapangaji wengi wakiiweka notisi nyuma ya televisheni, wakisema "nitajieleza kwa jaji". Wanakuja kwa jaji na maelezo mazuri kabisa, yamechelewa.

Hujapata notisi, kwa hiyo turudi kwenye mambo yanayoileta. La kwanza na kubwa ni kodi.

Deni ulilokuta kwenye taarifa yako huenda si kosa lako, lakini litaandikwa kwa jina lako. Ulipokuwa hosteli, kodi yako ililipwa kwa Housing Benefit, yaani msaada wa kodi, na hiyo hutoka halmashauri. Ukihamia fleti ya kawaida, msaada wa kodi kwa mtu wa umri wako unaingia ndani ya Universal Credit, malipo ya msaada ya kila mwezi, na hiyo ni serikali kuu. Ofisi hizi mbili hazipelekeani habari zako. Mtu anadhani halmashauri iliyompa nyumba ndiyo itakayopanga malipo yake, haipangi. Lazima wewe mwenyewe uingie kwenye akaunti yako ya Universal Credit, utoe taarifa ya kubadilisha anwani, ujaze kiasi cha kodi na kuthibitisha mkataba. Kama hukufanya hivyo Novemba, fanya leo kabla ya kumaliza kusoma, na uwaombe wakulipe nyuma kwa maandishi ukieleza kwa nini ulichelewa. Hawalazimiki kukubali. Kila mwezi unaopita unazidi kuwa mgumu kuukomboa.

Hata ukiwa umefanya kila kitu, hesabu zenyewe hazikutani. Halmashauri inadai kodi kila Jumatatu, kabla wiki haijakaliwa. Universal Credit inalipa mara moja kwa mwezi, baada ya mwezi kupita. Tuseme kodi ni pauni 110 kwa wiki. Serikali inachukua 110 mara wiki 52, inagawa kwa 12, inakupa pauni 476 na senti kwa mwezi. Lakini mwezi wenye Jumatatu tano halmashauri inakuandikia pauni 550. Kwa hiyo utaona akaunti inashuka na kupanda hata ukilipa kila senti uliyopewa. Angalia pia kama ndani ya kodi kuna ada za maji au za kupasha nyumba joto. Hizo Universal Credit hailipi, na watu hushangaa mbona pauni kumi na tano zinapungua kila wiki.

Ninachoshauri ni hiki: mwandikie afisa wa kodi sasa, ukiwa hujatishwa. Mweleze ulihama lini, uliomba msaada wa kodi lini, na pesa ya kwanza inatarajiwa lini, na umwombe aweke maelezo hayo kwenye faili lako. Kisha toa chochote kila wiki, hata pauni tano, uiongeze juu ya kodi mpaka akaunti iwe mbele kwa wiki moja. Anayesoma faili haoni moyo wako, anaona safu ya malipo, na safu isiyokatika inamwambia mengi. Ukiona pesa ikipita mkononi mwako inayeyuka, na kwa watoto watatu inayeyuka kweli, unaweza kuomba Universal Credit imlipe mwenye nyumba moja kwa moja. Uliza pia halmashauri kuhusu msaada wa ziada wa kodi inaoutoa yenyewe kwa wenye shida. Upo, ila hautangazwi kwa ngoma.

Kuhusu bibi wa chini, lalamiko moja si notisi. Sauti za kawaida za maisha, watoto kutembea, kucheka, kulia, hazipaswi kuhesabiwa uhuni, na afisa mwenye akili anajua hivyo. Lakini fleti za halmashauri mara nyingi hukabidhiwa sakafu tupu, na sakafu tupu ya ghorofa ya pili humfanya mtoto wa miaka minne asikike kama fundi wa paa. Pesa yako ya kwanza ya fanicha itie kwenye zulia nene na sponji yake ya chini, kabla ya makochi. Kama huna, uliza halmashauri na mashirika ya hisani ya mtaani kuhusu ruzuku ya samani. Kinu na mchi vitumie mchana, juu ya mkeka uliokunjwa. Ramadhani inakuja: kuna wageni wa futari, watu wanarudi kutoka tarawehe usiku, kuna sufuria za daku alfajiri. Mshukie bibi na sahani ya mahamri, umwambie mwezi huu nyumba itakuwa macho kidogo. Nimeona malalamiko ya maandishi yakizimwa na ziara ya dakika tano. Akikataa kufungua mlango, basi, wewe umeshajaribu, na liandike hilo na tarehe yake.

Weka daftari. Kila lalamiko unalosikia, andika siku, saa, na mlikuwa mnafanya nini. Barua ikija kutoka kwa afisa wa nyumba, jibu kwa maandishi na uombe tarehe za matukio yanayodaiwa. Ukiwa na mtoto mwenye tatizo la kiafya linalomfanya apige kelele, usonji kwa mfano, mwambie afisa mapema na umpe barua ya daktari. Sheria ya Usawa ya 2010 inaibana halmashauri ilizingatie hilo kabla ya kuamua, lakini hawawezi kuzingatia wasichokijua.

Hujataja umri wa mkubwa wako. Kama ni kijana wa miaka kumi na tano hivi, ninayemhofia ni yeye na marafiki zake kwenye ngazi kuliko huyu mdogo anayekimbia. Mkataba unakufanya wewe uwajibike kwa kila anayeishi kwako na kila anayekutembelea. Kesi mbaya nilizoziona, zile ambazo hata mapitio hayakuokoa, nyingi hazikumhusu mpangaji mwenyewe. Zilihusu mwana, mpenzi, au mgeni aliyekuja kulala siku mbili akakaa miezi, na dawa zikapatikana ndani.

Ukungu uripoti leo. Sielewi nani alianza kuwaambia watu wetu kwamba kulalamika kuhusu nyumba kunahatarisha mkataba, lakini nimechoka kulisikia. Wajibu wa mwenye nyumba kutengeneza ukuta, paa, mabomba na mitambo ya joto uko kwenye sheria ya 1985 na unakuhusu wewe kama unavyomhusu mpangaji wa miaka thelathini. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale kutokana na ukungu wa nyumba ya shirika waliyokuwa wakiishi wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan waliokuwa wamelalamika na kulalamika. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika kwa nyumba za halmashauri na mashirika ya England tarehe 27 Oktoba 2025, wiki moja kabla hujapewa ufunguo. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Ukungu na unyevu mkubwa unaohatarisha afya lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Piga picha zenye tarehe, taja umri wa watoto, taja kama kuna mwenye pumu, na uchukue namba ya ripoti. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba ni mvuke wa kupika wali mpaka mtu aje apime. Na usizuie kodi kama adhabu yao, maana hapo utakuwa umewapa sababu ya notisi kwa mkono wako.

Safari ya Mombasa ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo mtu mwema hujifunga mwenyewe. Si kwamba mkataba unakukataza kusafiri. Unatakiwa tu fleti ibaki kuwa makazi yako makuu, na wiki sita za likizo hazivunji hilo. Tatizo ni Universal Credit. Inaruhusu uwe nje ya nchi mwezi mmoja, na kanuni inaangalia ulichokusudia tangu mwanzo: ukiondoka na tiketi ya kurudi baada ya wiki sita, haki yako inakatika tangu siku ya kuondoka, haingoji mwezi uishe. Muda huongezwa kwa mwezi mwingine akifariki mzazi, mtoto au ndugu wa karibu na ikawa si busara kukutaka urudi, arusi haimo. Ikikatika, na sehemu ya kodi imekatika nayo, na wewe uko Mombasa unapakwa hina huku kodi ya kila Jumatatu inaongezeka kwenye akaunti ya mpangaji wa majaribio. Ukiondoka mwishoni mwa Julai utarudi Septemba, mwezi mbaya kuliko yote, nitakuambia kwa nini. Nenda wiki tatu na nusu, toa taarifa ya safari kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka, na ufike siku ya arusi badala ya siku ya kuposa. Kama unafanya kazi na hulipiwi chochote na Universal Credit, nenda wiki zako sita ukiwa umelipa kodi mbele.

Binti wa dada yako anaweza kukaa kulinda nyumba. Asikulipe kodi, hata ya kirafiki, hata kwa simu. Kupangisha nyumba ya halmashauri na kuondoka ni kosa la jinai tangu sheria ya 2013, na kwa udanganyifu adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka miwili. Mwandikie afisa wako wa nyumba mistari mitatu: naondoka tarehe fulani, narudi tarehe fulani, mpwa wangu atalala hapa, namba yangu ya simu ni hii. Na binti apewe kazi moja kuliko zote: kila bahasha yenye nembo ya halmashauri aifungue, aipige picha, akutumie siku hiyo hiyo. Siku 14 hazisimami kwa kuwa uko Mombasa.

Majaribio yako yanaisha Novemba 2026. Halmashauri ikitaka inaweza kuyaongeza miezi sita, yawe kumi na nane, lakini lazima ikupe notisi yenye sababu angalau wiki nane kabla ya mwaka kuisha. Kwako hiyo ni mwanzoni mwa Septemba, ndiyo maana sikutaka urudi mwezi huo na deni. Hiyo nayo unaweza kuiombea mapitio ndani ya siku 14. Na kama wamefungua kesi mahakamani kabla ya mwaka kuisha, mkataba unabaki wa majaribio mpaka kesi imalizike, hivyo usiwaze kukimbizana na kalenda.

Notisi ya kukutoa ikija kabla ya hapo, tangu Agosti 2023 kuna huduma ya serikali ya ushauri wa kisheria bila malipo kwa yeyote aliye hatarini kupoteza makazi, bila kuangalia kipato. Huanza kukuhudumia tangu unapopata barua ya kutaka kutolewa, si mpaka siku ya mahakama. Ofisi za Citizens Advice na Shelter, mashirika ya ushauri, zitakuelekeza kwa wakili wa karibu. Nenda na notisi yenyewe, bahasha yake, taarifa za kodi na lile daftari.

Isipokuja, Novemba hakutakuwa na mtihani wala kikao. Mkataba wako utageuka wa kudumu wenyewe, bila wewe kusaini chochote, na halmashauri nyingine hata barua hazitumi. Halmashauri chache huwapa wapangaji mkataba wa miaka michache badala ya wa kudumu, lakini hilo lazima wawe walikuarifu kwa maandishi kabla hujaanza kukaa, kwa hiyo pekua karatasi ulizopewa siku ya ufunguo. Wiki ya kwanza ya Novemba waandikie ukiomba wathibitishe mkataba wako sasa ni upi, na jibu lao ulihifadhi na vyeti vya watoto.